Kofia ya filta, washa na lita 3.7: uzoefu wangu wa kumwaga oili ya IST nyumbani, Mwanza

Hii ni tathmini ya vitu ninavyotumia kumwaga oili ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Injini hiyohiyo imo kwenye Spacio, Probox na Raum nyingi zinazopita hapa mjini, kwa hiyo vipimo nitakavyotaja vinawahusu wengi. Kati ya vyote, kilichonifaa zaidi ni kofia ya filta ya oili, na bei yake haifiki hata ya galoni moja ya oili.

Kofia ni kikombe cha chuma kinachovalishwa kwenye kitako cha filta. Katikati kina tundu la mraba la kuchomeka racheti. Filta nyingi ndogo za Toyota huchukua kofia ya milimita 65 yenye pande 14, lakini usiamini maandishi peke yake. Beba filta yako dukani, uivalishe palepale kabla ya kutoa hela. Kofia inayocheza hulamba kona za filta na kuteleza, na hapo ndipo watu huanza kuitoboa filta kwa bisibisi ili waizungushe. Bati lake ni jembamba: linachanika, filta inabaki imeng'ang'ania, na oili ya moto inakuchuruzikia mkononi. Kofia za plastiki siwashauri, hupasuka pale filta inapokuwa imekazwa na mtu mwenye nguvu.

Kofia ni ya kufungulia. Wakati wa kufunga, paka oili mpya kwenye mpira wa filta, zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse injini, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Inatosha kabisa. Na kabla hujafunga, angalia kama mpira wa filta ya zamani umetoka pamoja na filta yake. Mara nyingine hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake unakuwa na mipira miwili, haivuji wakati injini iko kimya, ila presha ikipanda mpira mmoja unaruka na oili yote inamwagika barabarani kwa dakika chache. Kwangu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, na kuliepuka ni kupitisha kidole na kitambaa tu.

Filta yenyewe nimebaki na ya Toyota, namba 90915-10001. Nimewahi kufunga za bei ya chini, na tofauti huisikii ukiwa njiani. Unaisikia asubuhi. Ndani ya filta kuna utando wa mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) gari likizimwa. Utando ukiwa mgumu au haukukaa sawa, oili inashuka usiku, na asubuhi injini inagonga kwa sekunde moja au mbili huku taa ya oili ikichelewa kuzima. Dukani unaweza kuukagua: chungulia kwenye vitundu vidogo vinavyozunguka tundu kubwa la katikati, usukume utando kwa ncha ya kijiti safi. Uwe laini na urudi wenyewe. Ukiwa mkavu kama plastiki, rudisha filta.

Washa ya bolti ya sampu, yaani pete nyembamba ya kuziba chini ya bolti ya kumwagia oili, ni kitu kidogo kinachodharauliwa sana. Bolti ni ya spana namba 14 na washa yake ina tundu la milimita 12. Washa hujiminya mara moja ili izibe. Ukiirudia, inaanza kutoa jasho la oili, na wengi hujibu kwa kukaza zaidi. Ukikaza zaidi na zaidi unakula nyuzi za sampu, na hapo gharama si ya washa tena. Kipimo cha kukaza ni takriban Nm 37. Kama huna spana ya kipimo, tumia spana fupi ya mkono na usiongezee bomba.

Sasa oili. Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na lita 3.4 bila filta. Galoni ni ya lita 4, na mazoea ya gereji ya kuimimina yote ndiyo sababu kubwa ya mimi kupenda kufanya kazi hii nyumbani. Ikizidi sana, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi vizuri. Presha ya ndani nayo hutafuta sili dhaifu itokee hapo. Mimi humimina lita 3.4, nawasha mpaka taa ya oili izime, nazima, nachungulia chini kama kuna uvujaji, nasubiri dakika tano, napima kwa kijiti cha oili, kisha naongeza kidogokidogo. Inayobaki kwenye galoni ni ya kuongezea kabla ya sevisi ijayo, maana 1NZ zilizotembea sana hula oili kiasi.

Kipimo hicho kinataka gari liwe sawa, na Mwanza hilo si jambo dogo. Ukipimia kwenye mteremko wa Isamilo au Bugando, kijiti kitakudanganya kwa sababu oili imelala upande mmoja wa sampu. Tafuta sehemu tambarare hata kama ni ya jirani. Kwenye mteremko usiinue gari kabisa, na popote pale usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi mbili na mawe nyuma ya matairi ni lazima. Mawe tunayo ya kutosha.

Kuhusu uzito, natumia 5W-30. Namba ya mbele inahusu injini ikiwa baridi, na kwa hali yetu ya hewa 10W-30 nayo inafaa. Nisichokubali ni 20W-50 kumwagwa kwenye injini hii ati kwa sababu gari ni la zamani. VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, inaendeshwa kwa presha ya oili kupitia vijitundu vidogo; oili nzito inachelewa kufika asubuhi na inaongeza ulaji wa mafuta. Kama injini inakula oili nyingi, tatizo liko kwenye ringi au sili za valvu, likatafutwe huko.

Kwa anayekaa kwenye vumbi la Buswelu au Igombe, kilomita 5,000 au miezi 6 ni kikomo kizuri, na filta ya hewa ikaguliwe siku hiyohiyo. Usihofu oili ikigeuka nyeusi mapema. Inabeba uchafu, ndiyo kazi yake.

Oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Mitaro mingi ya katikati ya mji huingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na sehemu kubwa ya maji ya mji inavutwa kutoka ziwa hilohilo, pale Capripoint. Geuza filta ya zamani kichwa chini juu ya beseni mpaka ikauke, mimina yote kwenye galoni tupu, ufunge. Mafundi wanaopaka mbao za kenchi kuzuia mchwa huichukua bure, na gereji zenye pipa la oili chafu huipokea pia.