Kamera ya laini kwenye mtego wa nguchiro: uzoefu wangu

Kuku wangu wa kienyeji wako Mkuranga, mimi nakaa Mbagala. Kijana anayeangalia shamba ni mchapakazi, ila mtego wa kizimba uko nyuma kabisa ya banda la kutagia na alikuwa anaukagua akikumbuka. Kizimba si kitu cha kusahau. Mnyama akinaswa asubuhi, jua la saa saba mchana linaweza kummaliza humo humo. Ndiyo maana nikanunua kamera ya porini inayotumia laini ya simu: kitu kikipita inapiga picha, picha inakuja kwenye simu yako.

Kwa nguchiro, kazi inaifanya vizuri sana. Wa kwanza aliponaswa nilikuwa kwenye daladala. Picha ikaingia: amesimama kwa miguu ya nyuma, kashika waya kwa vidole, ute wa yai bado uko kwenye ndevu. Nikampigia kijana, halafu nikamrushia picha afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye tulishaongea kabla sijatega. Usiruke hatua hiyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama pori bila kibali, hata kama kala kuku wako wote.

Sasa kuna mwizi mmoja kamera haikumwona kabisa. Yai la chambo linaisha, kizimba kitupu, simu kimya. Kihisi cha kamera hizi kinasubiri joto linalosogea, lililo tofauti na joto la mahali penyewe. Paka, kanu, nguchiro, wote wanabeba joto lao. Kenge mwili wake unafuata joto la mazingira, kwa hiyo akijivuta taratibu juu ya mchanga uliopigwa na jua, kwa kamera huyo naye ni mchanga tu. Dawa iko kwenye mipangilio: kuna sehemu ya kupiga picha kila baada ya muda fulani bila kungoja kihisi. Nikaweka kila dakika tano, mchana peke yake. Bwana mkubwa akaonekana! Kichwa na kiwiliwili viko ndani, mkia mrefu umebaki nje, na mlango umeangukia juu ya mkia. Anakula yai kwa raha zake, kisha anarudi kinyumenyume.

Picha za namna hiyo zinakula betri. Yangu inatumia nane za penseli, na kinachozimaliza haraka ni kutuma picha, hasa mtandao ukiwa wa kusuasua. Nyasi ndefu mbele ya kamera nazo ni hasara: zikipata jua na upepo unatumiwa picha za nyasi mpaka bando linakata. Fyeka.

Usiku, kamera zenye taa za infraredi za nanomita 850 (kipimo cha wimbi la mwanga) huonyesha vidoa vyekundu ambavyo mnyama mwoga anaweza kuvishtukia. Yangu ni ya 940, haionekani, ila picha ina giza zaidi. Usiifunge karibu na kizimba, maana waya zinang'aa nyeupe na aliyemo ndani humjui. Mita tatu hivi, kwa pembeni, inatosha.

Kabla ya kulipa, uliza inashika masafa gani ya mtandao wa simu. Muuzaji wangu alisema inashika "mitandao yote", ikabidi nirudi kubadilisha, kwa sababu ile ya kwanza ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Hakikisha inashika 4G ya megahezi 800 na 1800, kisha zima namba ya siri (PIN) ya laini kabla ya kuichomeka.

Anayelala shambani kwake sioni kwa nini ainunue. Aamke akaangalie mtego. Kwa sisi wa mbali, ninaipa nne kati ya tano. Nimeongeza paneli ndogo ya sola, na fundi wa kuchomelea ananitengenezea kizimba kingine, kirefu cha kutosha kumeza na ule mkia.