Uzoefu wangu na kiti cha maboksi (APT) kwa mtoto wa CP (mtindio wa ubongo)

Kiti ninachokiongelea kimetengenezwa kwa maboksi, makaratasi na gundi ya unga wa ngano, na mwanangu wa miaka minne anakikalia kila siku. Nasema hivyo maana nikiwaambia watu ni cha maboksi wanadhani ni kitu cha maonyesho, kumbe mi mwenyewe mtu mzima nakikalia na hakibonyei.

Mwanangu ana CP ile ya kukaza misuli, miguu inapishana kama mkasi, shingo anaishika ila mgongo unalala upande. Kabla ya kiti hiki tulipata wilchea ya msaada, mpya kabisa inang'aa, ila saizi ya mtu mzima, ukimkalisha anateleza anateleza mpaka kidevu kinagusa kifua, unajaza mito, unakunja khanga unaweka pembeni, ukigeuka ameshapinda tena. Hakuna aliyempima. Hili linaniuma sana kwa kweli, maana Shirika la Afya Duniani (WHO) walishatoa mwongozo wa viti mwendo toka 2008 na umeeleza wazi kwamba kumpima mtu, kurekebisha kiti kimkae na kumfundisha anavyokitumia yote hayo ni sehemu ya huduma, sio kugawa tu na kupiga picha. Na wataalamu sio kwamba hatuna, chuo cha TATCOT kipo pale hospitali ya KCMC Moshi miaka yote kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya namna hii.

Sasa hiki cha maboksi nilikijua kliniki ya mazoezi. Ufundi wenyewe unaitwa APT (Appropriate Paper-based Technology, yaani kutengeneza vifaa kwa karatasi na maboksi), ulianzia Zimbabwe kwa mwanzilishi wake Bevill Packer, ukasambaa maana vitu vyake vinapatikana popote. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimkalisha kwenye stuli, mi nimemshika nyonga, baba yake kashika miguu, akapima kwa futi ya fundi cherehani: upana wa nyonga, toka matakoni mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino, halafu toka anapokalia mpaka kwapani. Vipimo vinne hivyo ndo kiti chenyewe, vikikosewa umetengeneza pambo.

Kazi yake ni ndefu jamani nisiwadanganye. Maboksi unabandika moja juu ya jingine kwa uji mzito wa unga, mistari ya boksi hili ikienda wima, ya linalofuata inalala ili lisikunjike, unagandamiza na mawe, unaanika, likikauka unakata kwa msumeno, unaunga, unavalisha karatasi za kaki kila mahali, msasa, rangi, vanishi. Gharama kubwa ni vanishi na sponji, maboksi mwenye duka mtaani alitutunzia bure. Ila kukauka! Usiguse kazi hii kipindi cha masika, likibaki na unyevu ndani linaota ukungu na kulegea, na hapo huna cha kufanya zaidi ya kuanza upya.

Kilichobadilika kwanza ni kula. Majumba mengi mtoto wa CP analishwa amelala chali mapajani na chakula kinateremka vibaya, anapaliwa, kesho kifua, keshokutwa nimonia, watu wanasema watoto hawa wana vifua dhaifu. Sasa hivi anakaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kinatoka mbele sio juu, na kupaliwa kumepungua sana yani sana. Halafu mikono. Kiti kina kizuizi katikati ya mapaja kinachotenganisha miguu, mkanda unapita nyongani sio kifuani, na chini pa kukanyagia. Nyonga zikikunjwa vizuri na nyayo zikigusa kitu ule mkazo wa kujirusha nyuma unatulia, mikono inapata nafasi. Nilimuona mwenyewe mkono wa kushoto unafunguka taratibu, kidole kimoja kimoja, akashika mfuniko wa sufuria akaupiga kwenye meza ya kiti, akaniangalia, akapiga tena. Bibi yake alishangilia mpaka jirani akaja.

Na bibi ndo nimpe sifa zake, mi natoka asubuhi kwenye biashara, yeye ndo anajua kumfunga mkanda na kumtoa akichoka. Fizio alimfundisha yeye pamoja na dada wa kazi, sio mama peke yake, na kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya huduma. Dada kachora picha za maji, choo, uji na mpira akazibandika mezani, mtoto anachagua kwa macho.

Ubaya wake upo. Mkojo na maji ni adui, pa kukalia tumevalisha nailoni chini ya sponji na bado nafuta kila siku. Hakina magurudumu, kwenye daladala hukipandishi, kwahiyo kliniki bado ni mgongoni. Na mtoto akikua kinambana.

Tena msikae mkamuweka kutwa nzima, anza kidogo kidogo, ukimtoa angalia matako na mgongoni kama kuna alama isiyopotea, ikiwepo kuna sehemu inambana. Na kama mtoto analia ukimtanua miguu, au mguu mmoja unaonekana mfupi, nyonga iangaliwe hospitali kwanza kwa eksirei kabla hujafikiria kiti chochote, maana kwa watoto wa kukaza, nyonga kuhama mahali pake ni jambo la kawaida. Asiyeshika shingo kabisa naye anahitaji sehemu ya kichwa na kiti kilichoegeshwa nyuma kidogo, usimnakilie mtoto wako vipimo vya wangu.

Mi nampa kiti hiki nne kwa tano. Maboksi ya kingine tumeshaanza kukusanya, magoti yameshapita mbele, na safari hii meza tunaiwekea ukingo maana sahani zinaruka.