Sanduku la kufuli tatu: maoni ya katibu wa kikundi

Akina mama wenzangu mnaotaka kuanzisha kikundi cha kuweka na kukopa, sanduku la kufuli tatu linunueni, ila lije na vifaa vyake vyote. Mimi ni katibu wa kikundi huku Mbagala, Dar es Salaam. Wengi wetu ni mama ntilie, wauza mboga na wakaanga samaki, na tumelitumia mzunguko mzima, tangu kuanza kuweka mpaka kugawana fedha.

Sanduku ni la bati. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu ambao si viongozi, na mweka hazina anayelala nalo hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi ila mkutanoni. Ndani mna mihuri, kidau cha wino, bakuli za kuhesabia, kikokotoo na mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana kwenye shida, unaokaa mbali na fedha za mikopo. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kitabu cha hisa. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano. Hisa moja kwetu ni shilingi 2,000. Akinunua tatu anagongewa mihuri mitatu watu wote wakiona, na nafasi zilizobaki zinapigwa mstari papo hapo. Tunaye bibi muuza mihogo ambaye hakusoma. Kwenye upatu alikuwa hana budi kumwamini kijumbe anayekusanya fedha. Huku anahesabu mihuri yake mwenyewe, na siku ya kugawana hesabu aliyokuja nayo kichwani ililingana na ya kwenye daftari langu. Kabla ya kufunga, salio hutangazwa kwa sauti na kila mmoja hulishika kichwani, maana mkutano ujao yeyote anaweza kuulizwa. Ndiyo maana tulipobadilisha mwenyekiti hakuna kilichoyumba.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewamaliza wanawake mtaani kwetu. Mwenzetu mmoja alikuwa anarejesha kila siku, faida yote ya maandazi ikiishia huko. Sasa anakopa kwenye sanduku, hadi mara tatu ya hisa zake, na riba anayolipa inarudi kwetu sote kwenye mgao.

Kasoro zipo. Letu lilikuja na bawaba zilizofungwa kwa skrubu upande wa nje. Mwenye bisibisi angelifungua kwa nyuma bila kugusa kufuli. Ilibidi tumlipe fundi azichomelee. Kufuli nazo zilishika kutu mapema. Na kugawana kukikaribia, mtaa mzima unajua fedha ziko nyumba gani, kwa hiyo miezi ya mwisho sisi ziada tunaipeleka benki.

Sanduku pia halisajili kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi kama vyetu visajiliwe, na bila usajili msitarajie ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, katiba ikiwa mkononi.

Mkienda kununua, bonyezeni mfuniko kwa kiganja. Ukibonyea, bati ni jembamba. Kagueni bawaba kwa nyuma. Kufuli nunueni wenyewe, duka tofauti, na jaribuni kila ufunguo kwenye kufuli zote tatu kabla ya kulipa, muone kwamba unafungua kufuli yake tu.