Mjadala wa Russell na Copleston: nyota nne

Nimeusikiliza kwenye simu huku nikipiga pasi, na shati moja nusura niliunguze. Ni mjadala wa redio ya BBC wa 1948 kuhusu kuwepo kwa Mungu: Frederick Copleston, padri Mjesuiti (shirika la mapadri Wakatoliki), na mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, ambaye mapema tu anakiri kwamba hawezi kuthibitisha kuwa Mungu hayupo.

Copleston anadai vitu vyote duniani vinategemea vingine ili viwepo, kwa hiyo lazima kuwe na kisichotegemea chochote, yaani Mungu. Russell anajibu: kila mtu ana mama, je, wanadamu wote kwa jumla nao wana mama? Mimi ni muumini, lakini hapo nilicheka. Padri hayumbi, anasema yeye hatafuti mama mwingine kwenye foleni ileile, anauliza kwa nini foleni yenyewe ipo.

Kwenye maadili Russell ndiye anayebanwa. Mema na mabaya anayatofautishaje? Kwa hisia, anasema. Jibu jepesi mno kwa kichwa kile.

Nyota moja naikata kwa sababu Kiingereza chao ni kigumu na istilahi hazifafanuliwi. Matusi, hamna kabisa. Vijana wetu wa mihadhara ya viwanjani wasikilize.