Siti ya Boxer nimeitengeneza mara mbili ndo nikafika Iringa nikiwa mzima, uzoefu wangu

Niseme mapema, mi sio mtu wa klabu za mapikipiki wala sina lile pikipiki kubwa la kupigia picha. Nina Boxer BM 150 ya kawaida, hii hii wanayopigia boda mtaani, naendea kazini kutoka Mbagala mpaka Posta, na mara mbili tatu kwa mwaka naenda nayo nyumbani Iringa. Watu wakisikia Dar mpaka Iringa kwa Boxer wananiuliza kama nimegombana na wenye mabasi. Sijagombana na mtu, napenda tu barabara, halafu nikifika kule nina usafiri wangu wa kuzungukia shamba na kwa mashangazi, siombi ombi lifti. Na tatizo langu kwenye ile njia halijawahi kuwa injini, injini inakula kilomita mia tano kama haina habari. Tatizo ni makalio.

Safari ya kwanza nilienda na siti iliyokuja na pikipiki, ilikuwa na miaka miwili na katikati imeshabonyea shimo. Chalinze haijafika nimeanza kukaa upande upande kama mtu mwenye jipu. Ile siti imelalia mbele, kwa hiyo kila ukifunga breki unateleza unaenda kugonga tenki, unajivuta nyuma, unateleza tena, na ule mvutano wote unaisha kwenye kiuno na kwenye viganja maana mikono ndo inakuzuia usiende mbele. Mikumi mjini nilishuka miguu haina habari na mimi kabisa, nikabaki nimeshikilia hendo kama nimesimama kwenye mtumbwi, mama mmoja anauza ndizi akaniuliza baba unaumwa. Nikamwambia siumwi mama, nimekaa tu. Akacheka mpaka leo nadhani anacheka.

Niliporudi Dar nikafanya kosa ambalo naona kila mtu analifanya. Nilienda kwa fundi viti wa mtaani nikamwambia nataka laini, laini kama sofa. Akanipa nilichoomba. Elfu 30, godoro jipya nene, kava nyeusi ya leza na uzi mwekundu umeshonwa vile vidayamondi, siti ikapendeza mpaka jirani akaulizia. Mjini raha tupu. Nikasema sasa Iringa nasinzia njiani.

Kumbe laini inakudanganya. Nusu saa ya kwanza uko peponi, kisha godoro linaanza kushuka taratibu, linashuka, ukishakaa saa moja na nusu limeisha lote chini yako na umekalia bodi ya siti yenyewe, ila safari hii umezama, pembeni godoro limekubana mapaja, hata kujisogeza huwezi. Ile mifupa miwili ya chini ya makalio, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la saruji kituoni, ndo inabeba uzito wote. Ganzi ikaanzia hapo ikashuka mpaka gotini.

Na hapo mvua haijanyesha. Ilinyesha baada ya Mlandizi, ile mvua ya Pwani isiyopiga hodi. Vile vidayamondi vizuri kila tundu la sindano ni mlango wa maji, godoro likanywa likashiba, mvua ikakatika jua likatoka, nguo za juu zikakauka na upepo lakini kila nikikaa sawa godoro linanitemea maji suruali nzima. Nilikuwa nashuka sheli natembea kinyumenyume. Nikatafuta hata mfuko wa kufunikia, rambo zenyewe zilishapigwa marufuku toka 2019, nikaishia kununua kipande cha turubai Chalinze. Turubai halizuii maji yanayotoka chini, sijui nilikuwa nafikiria nini. Nikalala Morogoro, kesho yake nikageuza Dar. Nyumbani nikawaambia kazi zimebana.

Sasa hii siti ya pili ndo ninayoileta hapa maana ndo naitumia mwezi wa saba sasa. Fundi ni mzee mmoja wa pande za Gerezani, karibu na Kariakoo, anashona viti vya magari, pikipiki anazifanya akiwa na nafasi. Nilivyomwambia nataka laini akaniangalia akasema kijana, laini ni ya kulalia. Akang'oa kava, akabonyeza lile godoro langu kwa kidole gumba mpaka kikagusa bodi, akasema unaona? Ukikaa kilo zako zote unadhani kinabaki nini hapa. Akaleta sponji ngumu, ile yenye vipande vya rangi rangi vimegandishwa pamoja, kijani, pinki, bluu, nzito ukiishika. Akaipachika na gundi, juu yake akaweka tabaka jembamba la sponji laini kama kidole kimoja hivi, basi. Mi nikawaza huyu mzee ananitengenezea benchi.

Ila kilichonishangaza ni kwamba kabla hajafunga kava alinikalisha. Pikipiki iko kwenye stendi kubwa, nimekaa juu ya sponji tupu, mikono kwenye hendo, miguu kwenye pedeli, akasema usishuke mpaka nikwambie, akaenda kunywa chai. Dakika kumi au zaidi, wapita njia wananiangalia mtu mzima naendesha pikipiki iliyosimama. Alivyorudi nikashuka, akachora na markapeni pale palipobonyea, alama mbili zimekaa kama macho, akachukua jino la msumeno akakwangua kidogo kidogo kuzunguka zile alama mpaka pakawa na kijibonde kipana, nyuma akapandisha ili nisiteleze, mbele akapunguza pembeni ili mapaja yasibanwe. Pale kwenye mlalo wa kwenda tenki akajaza pakawa sawa. Mara tatu ananikalisha ananishusha. Kava ya safari hii haina mshono hata mmoja pale pa kukalia, mishono iko pembeni chini, na ndani yake katanguliza nailoni ngumu. Elfu 65, pamoja na nusu ya siku yangu. Niliona ghali, nikanyamaza.

Siku ya kwanza niliichukia. Ngumu. Wiki ya kwanza kazini nilikuwa najiuliza hela yangu nimetupa. Nadhani mwili nao ulikuwa umezoea kuzama, maana wiki ya pili nikawa siifikirii, na siti nzuri dalili yake ndo hiyo, unasahau kama ipo.

Afu nikajua kitu kingine, siti peke yake haikufikishi. Mi kila siku naendesha kilomita chache za foleni, halafu siku moja naamka nataka kula mia tano, ni sawa na mtu anayetembea mpaka dukani tu anaingia marathoni. Kwa hiyo nikajipangia Jumapili. Ya kwanza Bagamoyo kwenda na kurudi, rahisi. Wiki mbili mbele Chalinze kwenda na kurudi, hapo ni kama mia mbili na ushee, nikagundua mabega yanauma kuliko makalio, kumbe nakaba hendo kama namnyonga mtu. Hilo la kukaba ndo linaleta ganzi ya vidole, maana hizi injini za pistoni moja zinatetemesha na ukikaza mkono mtetemo wote unaingia kwako. Nikajifunza kushika kama nimeshika yai, na kubana tenki kidogo kwa magoti ili mgongo na tumbo ndo vifanye kazi. Nikashusha na mwendo pia, kutoka themanini na kitu mpaka sitini na tano au sabini, injini inatulia kabisa pale, na nikipiga hesabu ya safari nzima nachelewa kidogo tu kwa sababu sisimami sana kujinyoosha. Mwezi uliofuata Morogoro kwenda na kurudi siku moja. Nilirudi nimechoka ila kesho yake nikaenda kazini natembea kama watu.

Vitu vidogo vilivyonisaidia kuliko nilivyotegemea: chupi ya pamba niliachana nayo safarini, inashika jasho na mishono yake inakuchora kama ramani, navaa taiti ya baiskeli isiyo na mshono pale kati, juu suruali pana. Kanga ya mama naifunga kiunoni kwa kukaza chini ya jaketi, kiuno kinashikika na nikifika Iringa kwenye baridi inakuwa shuka. Na vile vizibo vya sponji vya masikioni, hivi ninyi mnajua kelele ya upepo inavyochosha? Nilikuwa nafika kichwa kinavuma nadhani ni njaa. Sasa nimetia pamba masikioni kweli kweli, na honi ya lori naisikia vizuri tu.

Safari yenyewe ya kuijaribu siti niliifanya baada ya mazoezi hayo. Nimetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya Kimara na Kibaha. Sheria yangu moja: nasimama kabla sijaumwa. Kila kilomita sabini themanini nashuka dakika tano, natembea, nachuchumaa mara kumi, nakunywa maji. Zamani nilikuwa sinywi ili nisisimame kukojoa, na Ruaha Mbuyuni lile joto la kwenye mibuyu lilinipiga kichwa mpaka nikawa naona barabara mbili, sasa nakunywa na kukojoa napokojoa. Supu na chapati nilikula Morogoro, nusu tu, ukishiba unasinzia.

Sehemu ngumu kwa makalio ni hifadhi ya Mikumi. Barabara inakatiza mbugani kama kilomita hamsini na huwezi kushuka kujinyoosha, maana kuna wenye nyumba, na mwendo ni sabini mwisho, na faini za kugonga mnyama zinajulikana. Siti ya zamani pale ndo iliniua. Kwa hiyo sasa nasimama kabla ya geti upande wa Doma, natembea vya kutosha, naingia. Ndani nikiona njia nyeupe nasimama juu ya pedeli kidogo, magoti yamekunjwa, kama nusu dakika, damu inashuka, nakaa. Tembo walikuwepo upande wa kushoto, twiga wawili karibu kabisa na lami. Nilitoka upande wa pili nikagundua sijajigeuza hata mara moja. Nikasimama pale mjini kumtafuta mama wa ndizi nimuonyeshe natembea vizuri, sikumkuta.

Kitonga nilipanda nyuma ya malori, gia ya pili na ya tatu, moshi wa bure. Mjini watu wakisema kitonga wanamaanisha mteremko, cha bure, waje waupande huu mlima nyuma ya semi ya mbao... hapana, mbao zinashuka, zinazopanda ni saruji na makontena. Pale ndo siti ya kulalia mbele ingekuwa afadhali maana mlima unakurudisha nyuma, lakini kile kiinuko cha nyuma alichoweka mzee kilinishika kiunoni kama mkono wa mtu. Ilula nikanunua vitunguu bila sababu. Ipogolo, chini ya Iringa mjini, nimefika saa kumi jioni hivi, nikapandisha mjini, nikashuka, na nikasimama. Mikono ilikuwa na ganzi kidogo kwenye vidole viwili vya mwisho, mabega yamechoka, makalio hayana kesi.

Sasa kasoro, maana sio kila kitu asali. Siti imepanda kama vidole viwili, mi mrefu sijali, lakini mdogo wangu akiiendesha anagusa chini kwa ncha za vidole kama anacheza baleti, kwa mtu mfupi mwambie fundi mapema. Leza nyeusi ukiiegesha juani sheli ya Chalinze ukirudi unakaanga mayai, natembea na kitambaa cha kufunikia. Na ile sponji laini ya juu nahisi imeanza kuchoka upande wa kulia, sijui nakaa vibaya. Maji hayajaingia, nimeshapigwa na mvua mara mbili za maana, iko kavu. Naipa nane kwa kumi.

Alama moja kati ya hizo mbili zilizopungua tumeitoa kwa siti ya abiria. Mzee alipima makalio yangu, ya nyuma akaijaza sponji ngumu sawasawa bila kijibonde chochote, mke wangu kapanda mara moja mpaka Bagamoyo akasema hiyo ni stuli ya kukamulia ng'ombe. Nimempeleka Gerezani ikatengenezwe. Mzee kamwambia panda ukae dakika kumi, yeye anakwenda kunywa chai. Kakataa, anasema hawezi kukaa juu ya pikipiki iliyosimama watu wote wa Gerezani wanamwangalia. Kwa hiyo mpaka sasa anaenda Iringa na basi.