Jiko la udongo na bati la Kamukunji: tathmini ya mnunuzi

Siku hizi ajira za kijani, yaani kazi zinazohifadhi mazingira, zikitajwa, watu hufikiria paneli za sola na pikipiki za umeme, ilhali bidhaa iliyowapa Wakenya wengi ajira ya namna hiyo tangu zamani ingali inauzwa kando ya barabara. Jiko la udongo na bati, kama linavyoundwa na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogondogo za mikono, wa Kamukunji jijini Nairobi, linastahili kununuliwa, mradi mnunuzi ajue kulichagua.

Jiko hili lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wazo lililotoka Thailand, likapewa umbo ambalo mafundi wa hapa wangeweza kuliunda kwa nyundo na mkasi wa bati. Ganda lake, ambalo mara nyingi hukatwa kutoka kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika, limebanwa kiunoni na kutanuka juu na chini, na sehemu ya juu imepachikwa bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitishia majivu. Udongo huo huzuia joto lisipotelee ubavuni, hivyo mkaa unaotumika hupungua kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu. Kwangu maharagwe huiva kwa mkaa uliotiwa mara moja tu, na makaa yanayobaki huchemsha chai. Bei ya mkaa ilipopanda baada ya ukataji miti katika misitu ya umma kusimamishwa mwaka 2018, nafuu hiyo haikuwa ndogo.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kazi inavyogawanywa. Mfinyanzi hufinyanga bakuli na kulichoma, fundi bati hukunja ganda, mwingine huviunganisha kwa saruji, halafu wapo wachukuzi wa mikokoteni na wachuuzi wa mitaani. Kila mmoja hupata riziki bila mtaji wa kiwanda. Tena, kwa kuwa muundo wake haukufungiwa na hataza, yaani haki ya mbunifu ya kuwazuia wengine wasiuige, mafundi wa Uganda, Tanzania na Rwanda waliuiga wakitumia udongo wa kwao, na eneo zima likapata biashara ambayo haikusubiri mkutano wa mawaziri.

Uhuru huohuo ndio unaomponza mnunuzi, kwani hata asiyejua udongo huunda na kuuza. Moja nililouziwa na mchuuzi wa mtaani lilipata ufa mapema, bakuli likaanza kucheza ndani ya ganda. Kabla ya kulipa, gonga udongo kwa kifundo cha kidole: uliochomwa vizuri hulia kama chungu, wenye ufa hutoa mlio mzito uliokatika. Kagua pia saruji iliyo ukingoni, na ufungue na kufunga kile kimlango cha chini cha kupitishia hewa, kwa sababu kikikwama hutaweza kupunguza moto.

Hata hivyo, mkaa ni mkaa. Jiko hili hupunguza miti inayokatwa, haliikomeshi hasara yenyewe, na gesi yake ya sumu huua katika chumba kilichofungwa, kwa hiyo lisilazwe ndani usiku wa baridi. Familia inayopikia mkaa kila siku ninaishauri ilinunue. Yenye mtungi wa gesi inaweza kuliweka kwa ajili ya githeri na maharagwe, vyakula vinavyomaliza gesi upesi.