Stabilaiza ya elektroniki kwa geji za Land Rover Series III: nunua, lakini safisha ethi kwanza

Land Rover 109 pick-up ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ina dashibodi isiyo na mambo mengi. Mbele ya dereva kuna saa mbili kubwa: spidomita, na geji ya pamoja yenye sindano ya mafuta na sindano ya joto la maji. Sindano hizo zikianza kudanganya, wengi hukimbilia kutafuta geji nyingine, na hapo ndipo pesa inapopotea bure. Mara nyingi geji ni nzima. Kilichochoka ni kile kiboksi kidogo cha bati nyuma ya paneli kinachozilisha umeme, yaani stabilaiza ya volti 10. Tathmini hii ni ya stabilaiza ya elektroniki inayouzwa kama mbadala wake, pamoja na ile ambayo fundi anaweza kujiundia mwenyewe.

Ndani ya kiboksi cha zamani kuna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya wa joto. Umeme ukipita, utepe unapata moto, unapinda na kuachanisha pointi, yaani vigusano vya umeme. Ukipoa unarudi, pointi zinagusana tena. Kuwaka na kuzima huko kunatoa wastani wa volti 10, na kwa kuwa geji zenyewe nazo zinaendeshwa na joto na kwenda taratibu, sindano haitikisiki. Kwa hiyo ukipima stabilaiza nzima ya zamani kwa multimita ya dijitali utaona namba zinarukaruka. Usiitupe kwa sababu hiyo.

Soma dalili kabla ya kufungua pochi. Sindano zote mbili zikipanda juu kwa pamoja, ama pointi zimegandana, ama kiboksi kimekosa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari), na hili la pili ndilo watu hulisahau. Waya wa joto ulio ndani unapeleka umeme wake kwenye bodi ya gari kupitia ganda la kiboksi. Ethi ikikosekana, waya haupati moto, pointi hazifunguki, na geji zinapokea volti 14 nzima za altaneta. Dereva anaona tenki limejaa na injini inachemka, kumbe mafuta yako robo na maji yako salama. Sindano zote zikilala chini, pointi zimeungua au waya wa kijani unaoleta umeme kutoka kwenye fyuzi umekatika. Ikikosea sindano moja tu, stabilaiza haina kosa. Tafuta kwenye waya au kihisi cha sindano hiyo, yaani kifaa kinachopima mafuta kwenye tenki au joto kwenye injini.

Basi anza na ethi, hata kama mbadala mpya uko mkononi tayari. Ondoa waya wa betri, legeza kebo ya spidomita kwa nyuma, fungua skrubu za paneli na uivute mbele. Waya nyeusi ndizo za ethi. Zing'oe, sugua vichwa vyake na sehemu vinapokaa kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, funga kwa wosha ya meno, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Rudisha betri, washa funguo, weka waya mmoja wa multimita kwenye ganda la stabilaiza na mwingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya volti 0.1 au 0.2, ethi bado haijakaa. Dawa ya kudumu ni kuvuta waya mweusi mpya wa milimita 1.5 kutoka kwenye skrubu ya stabilaiza hadi kwenye bodi, badala ya kutegemea skrubu za paneli zilizopakwa rangi mara kadhaa.

Sasa bidhaa yenyewe. Stabilaiza ya elektroniki ya kununua ina umbo la ile ya zamani: alama B kwa umeme unaoingia, I kwa unaokwenda kwenye geji, na ganda kama ethi. Waya wa kijani unakaa B, wa kijani hafifu unakaa I. Hakuna pointi za kuungua, na volti inatoka tulivu. Kwa pick-up inayobeba mzigo kila siku hatuoni sababu ya kurudisha ya pointi. Aiweke anayetaka gari la maonyesho lenye kila kitu cha kiwandani.

Ubora wake, hata hivyo, haulingani. Kabla ya kuifunga, ijaribu mezani: ipe umeme wa betri, unganisha balbu ya wati 5 kati ya I na ethi, uache dakika kumi. Nzuri itabaki kati ya volti 9.8 na 10.2. Mbaya itaanza na 10 na kushuka kadiri inavyopata moto, kwa sababu kipande cha elektroniki hakikubanwa sawasawa kwenye bati linalopaswa kukipooza. Ukifunga ya namna hiyo, safari ya asubuhi itakwenda vizuri, na mchana jua likiwa kali sindano zote zitaanguka. Angalia pia imeandikwa ni ya ethi hasi, yaani ya gari ambalo upande hasi wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Series III zote ni ethi hasi, lakini Land Rover za kabla ya 1967 zilitoka na ethi chanya, na stabilaiza zao bado ziko madukani. Ukikosea, kipande kinaungua papo hapo.

Anayejua kulehemu anaweza kujiundia kwa regyuleta ya L7810, kipande cha elektroniki cha kutuliza volti chenye miguu mitatu, inayopatikana kwa wauza vifaa vya redio kwa bei ndogo. Ukiitazama usoni, mguu wa kushoto ni umeme unaoingia, wa kati ethi, wa kulia volti 10. Bamba lake la nyuma limeungana na ethi, kwa hiyo lifunge kwa boliti moja kwa moja ndani ya ganda la stabilaiza ya zamani, na grisi ya kupitisha joto katikati. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.33 kati ya mguu wa kuingia na ethi, na ya 0.1 kati ya mguu wa kutoka na ethi, zote karibu kabisa na miguu. Geji mbili kwa pamoja hula chini ya nusu ampea, na L7810 ina uwezo wa ampea moja na zaidi.

Udhaifu wake ni mmoja, nao unafaa ujulikane mapema: inahitaji umeme unaoingia uzidi unaotoka kwa volti 2 hivi. Injini ikiwa imezimwa, swichi ya funguo na boksi la fyuzi vimezeeka, waya wa kijani huenda ukafika na volti 11.5 tu, na geji ya mafuta itasoma pungufu kidogo. Injini ikiwaka inarudi sawa. Asiyeridhika na hilo atafute regyuleta ya LM2940 ya volti 10, ambayo inatosheka na tofauti ya nusu volti na inavumilia betri iliyogeuzwa, ila lazima iwekewe kapasita ya angalau maikrofaradi 22 upande wa kutoka, la sivyo volti itayumba.

Kama volti 10 ipo na sindano ya mafuta bado inakosea, chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi kwenye kihisi cha tenki, chini ya kiti, na uguse bodi kwa sekunde chache tu, mbali na mdomo wa tenki. Sindano ikipanda polepole hadi juu, geji na waya ni nzima. Resista ya omu 68 mahali pa kihisi huiweka karibu na katikati. Kihisi chenyewe kinapaswa kusoma zaidi ya omu 200 boya likiwa chini na kushuka hadi makumi machache likiinuka, bila kukatika njiani. Ukitoa kihisi, tikisa boya sikioni: likisikika mafuta ndani, limetoboka.

Uso wa geji usisafishwe kwa petroli wala spiriti, kwani maandishi hutoka na kitambaa. Brashi laini kavu inatosha. Maji na sabuni ni kwa kioo peke yake, kikishatolewa. Sindano iliyofifia ipakwe rangi nyembamba sana, hasa ya spidomita, maana uzito ukizidi haitarudi sifuri. Kebo ya spidomita ipakwe grisi theluthi mbili za chini tu. Ya juu hupanda hadi ndani ya saa na kuinatisha sindano.

Wengi wakishafungua paneli hubadilisha balbu zote kuwa za LED. Za kumulika geji badilisha bila wasiwasi. Ile taa nyekundu ya chaji iache na balbu ya kawaida ya wati 2.2, kwa sababu umeme unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta. Ukiweka LED tupu, isiyo na resista pembeni yake, injini inaweza kuwaka na altaneta isichaji.